Jibu la Tawi Tupu

Jina la kwanza ambalo Sekela Mwasandube alilijaribu kwenye programu yake lilikuwa la mwalimu wake wa zamani wa hesabu. Alitaka jina la mtu anayemjua, ili jibu likija liwe na sura, na Mwalimu Gwamaka alikuwa na sura ambayo hakuna aliyesoma Tukuyu angeisahau: kipara, miwani iliyofungwa kwa uzi, na tabasamu la mtu anayesubiri ukosee ili mcheke pamoja. Aliandika jina, akabonyeza. Kabla hajaondoa kidole, jibu lilikuwa limeshafika.

APEWE.

Lilikuja upesi mno. Sekela akajaribu jina lake mwenyewe. Kompyuta ikanyamaza kidogo, kama ilivyopaswa, kisha ikajibu. Akarudia la mwalimu: papo hapo. Akafungua njia ambayo programu ilipita, na hapo akaona kwamba haikupita popote. Mwalimu Gwamaka hakuwa na mama kwenye Mti. Hakuwa na baba. Alikuwa amening'inia peke yake, na chini yake hakuna kitu.

Sekela aliegemea kiti. Ukumbi ule zamani ulikuwa wa kunyaushia chai, kabla joto halijaua mashamba, na hadi leo ukuta ukipata jua ulitoa harufu ya majani makavu. Sasa ulikuwa Kituo cha Tone. Bondeni homa ilikuwa imeanza tena. Mwaka hadi mwaka joto lilipanda mlimani na mbu wakapanda nalo, na safari hii watu wa vijiji vya chini walikuwa wakizika watoto. Dirisha la kutolea Tone lilikuwa lifunguliwe Jumatatu.

Tone lenyewe halikuwa na shida. Moja chini ya ulimi, na homa haikugusi tena maisha yako yote. Lakini walikuwepo watu waliozaliwa na alama moyoni, alama ambayo haiwaumi wala haiwasumbui mpaka siku wanapopewa Tone. Hapo moyo husimama. Hakuna kipimo kilichoweza kuiona alama hiyo kwa mtu aliye hai. Ilionekana moyo ukipasuliwa tu. Kwa sababu hiyo, kwa vizazi viwili kila maiti wa wilaya alikuwa akipasuliwa kabla ya kuzikwa, na kilichoonekana kikaandikwa kwenye Mti.

Mti ulikuwa rahisi kuuelewa. Kila mtu ana matawi mawili, la mama na la baba. Mama naye ana mawili, baba naye ana mawili, hivyo hivyo kushuka, mpaka unapofika kwa marehemu aliyekwisha kupasuliwa. Huyo ndiye jani. Moyo wake ukiwa na alama anajibu moja, usipokuwa nayo anajibu sifuri. Kazi ya Sekela ilikuwa kuandika funksheni, kipande cha programu cha kuuliza, na aliiandika kama zile zinazojiita zenyewe, kwa kuwa swali ni lile lile kwa kila mtu:

uliza(mtu):
   kama mtu hayupo, rudisha 0
   kama mtu ana jibu, rudisha jibu lake
   vinginevyo rudisha nusu ya ( uliza(mama) + uliza(baba) )

Haikuhitaji kujua ukoo mzima. Ilimuuliza mtu, kama mtu hana jibu, aliwauliza wazazi wake wawili swali hilo hilo, akakaa akingoja. Wao nao waliwauliza wa kwao na wakangoja. Swali likishafika kwenye majani, majibu yalianza kupanda, kila mzazi akimkabidhi mwanawe, mpaka yakamfikia aliyeulizwa kwanza. Jibu lake likivuka sehemu moja ya kumi, hapewi Tone.

Mstari wa kwanza, ule wa mtu asiyekuwepo, Sekela aliuandika bila kufikiri. Kila programu ya namna hiyo lazima iwe na mahali pa kukoma, la sivyo inauliza hadi kompyuta izimie, na kila mwanafunzi hufundishwa kwamba kwenye tawi tupu hurudishwa sifuri. Unahesabu matunda ya mti. Mahali pasipo na tawi hapana tunda.

Lakini Mwalimu Gwamaka alikuwa na mama. Alikuwa na baba. Walifukiwa na mlima siku ya Maporomoko, yeye akaokotwa mchanga.

*

"Wako wangapi?" aliuliza Daktari Mwambije.

Alikuwa mkuu wa kituo, mzee mrefu aliyezika wajukuu wawili kwa homa mwaka uliotangulia na tangu hapo hakuonekana akikaa chini. Hata sasa alisikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni.

"Wengi, Daktari. Wote waliookotwa wachanga siku ya Maporomoko, na watoto wao. Halafu wapo ambao mama zao hawakuandika baba."

"Na programu inasema wapewe."

"Inasema hivyo kwa sababu mimi nimeiambia. Yenyewe haijui kitu."

Daktari alitembea hadi dirishani akarudi. "Makao Makuu nimeongea nao. Wanasema tawi tupu lirudishe moja. Asiyejulikana ahesabiwe kuwa na alama, asipewe. Hawataki mtu afie mbele ya dirisha letu."

"Basi hao wote tunawaachia homa."

"Ndiyo maana mimi nasema acha sifuri." Sauti yake haikupanda. "Sikiliza, binti yangu. Homa ikimshika mtoto, katika watatu inaondoka na mmoja. Alama, kwa wilaya nzima, haifiki mmoja kati ya hamsini. Hesabu hiyo hata Gwamaka angeifanya ubaoni bila chaki. Ukiweka sifuri utaua wachache na utaokoa wengi."

"Mmoja kati ya hamsini ni kwa wale tuliowapasua. Wa Maporomoko mioyo yao imezikwa nao. Huenda ni mmoja kati ya mia. Huenda ni mmoja kati ya wanne. Nani aliwaona?"

"Hakuna."

"Sasa nikiandika sifuri nasema nimewaona. Nikiandika moja nasema vile vile nimewaona. Zote mbili ni uongo, Daktari."

"Si uongo. Ni uamuzi. Mtu akiwa na madaraka lazima aamue."

Sekela aligeukia kompyuta. Kwenye skrini mstari ule ulikuwa ukimtazama, na yeye hakujua hata anaogopa nini zaidi, namba moja au namba nyingine. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayepima kina cha mto kwa mguu, kwamba kulikuwa na jibu la tatu. Funksheni haikulazimika kurudisha namba. Ingeweza kurudisha neno: sijui. Na sijui ikijumlishwa na chochote inabaki sijui.

Alibadilisha mstari mmoja akaijaribu mbele ya daktari. Mwalimu Gwamaka: HAIJULIKANI. Halafu mabinti zake wawili, Ikupa na Tuntufye, ambao mama yao alitoka kwenye ukoo safi pande zote mbili: HAIJULIKANI. HAIJULIKANI.

"Unaona?" alisema daktari. "Inapanda. Mzee mmoja asiyejulikana, wanawe wote hawajulikani, na wajukuu hivyo hivyo. Utajaza wilaya na watu wasio na jibu."

"Walikuwa hawana tangu mwanzo. Sisi ndio tulikuwa tunawafunika."

"Na atakayeamua ni nani? Wao? Mama mwenye mtoto mgongoni, nani amfundishe haya?"

"Nitamweleza mimi."

Daktari Mwambije alitoa mikono mfukoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Sawa," alisema. "Basi hutakaa huku nyuma na kompyuta yako. Utakaa dirishani. Na kila mmoja wao utamwambia kwa mdomo wako."

*

Dirisha lilipofunguliwa, foleni ilishuka barabarani hadi kwenye kona ya mjini na kupotea. Wengi walipita bila neno. Walitaja majina, Mti ukajibu, wakafungua midomo, wakaenda kukaa kwenye mabenchi ya kusubiri, kisha wakaondoka na muhuri mkononi.

Kwa wale ambao Mti haukuwa na jibu lao Sekela aliinama hadi uso wake ukawa karibu na wao, akaeleza. Wanawake wawili walimsikiliza, wakageuka kuangalia nani yuko nyuma, kisha wakamnong'oneza jina la mwanaume ambalo hawakuwahi kulitamka. Mmoja alitaja jina la shemeji yake. Sekela aliliandika, Mti ukashuka kwenye tawi jipya ukapanda, mtoto akapewa. Yule mama alibeba mtoto akaondoka haraka bila kuaga, na Sekela alielewa kwamba kuna nyumba itakayovunjika kwa sababu ya mstari wake. Kijana mmoja fundi pikipiki alisikia maelezo yote, akacheka, akasema kufa ni kufa tu, akafungua mdomo. Alipona. Mjane mmoja alikataa, akarudi nyumbani na wanawe watatu.

Mwalimu Gwamaka alifika na familia yake yote. Mkewe Bupe alikuwa na mwavuli. Ikupa, aliyekuwa kidato cha pili, alimshika mkono mdogo wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sekela. Wamekuweka kwenye tiketi siku hizi?"

Sekela alijaribu kucheka akashindwa. Akamweleza. Alipomaliza, mwalimu alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, jambo alilolifanya darasani kila alipopata swali zuri.

"Kwa hiyo Ikupa anapouliza," alisema, "swali linakuja kwangu."

"Ndiyo."

"Na mimi sina wa kumuuliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mama yao?"

"Mama Ikupa yuko salama. Anaweza kupewa sasa hivi. Ni upande wako tu."

"Na mimi nikipewa?"

Sekela aliliona swali hilo likija tangu alipolitaja jina lake ofisini, na bado halikumkuta tayari. "Ukipona, maana yake huna alama. Nitaandika sifuri kwenye jina lako. Mabinti watapewa hapo hapo."

"Nisipopona?"

"Hawatapewa. Watakuwa na nusu."

"Lakini mtakuwa mmejua."

"Tutakuwa tumejua."

Bupe alikuwa amefunga mwavuli. "Baba Ikupa, twende nyumbani."

"Ngoja kwanza."

"Hakuna cha kungoja. Amesema hajui. Mtu amesema hajui, wewe unafungua mdomo? Homa iko bondeni, haijafika kwetu."

"Jana wamezika kijijini Ushirika. Ushirika ni bondeni?"

"Tutaweka vyandarua. Tutahama. Tutafanya chochote." Alimgeukia Sekela, na macho yake yalikuwa makavu. "Wewe mwambie. Alikufundisha. Mwambie asinywe."

Sekela alitaka kumwambia. Mkono wake ulikuwa juu ya kibodi, na angeweza kuandika chochote. Moja, na mwalimu angerudi nyumbani akiwa hai na mabinti wakiwa uchi mbele ya homa. Sifuri, na wote watatu wangefungua midomo wakiamini. Aliutoa mkono.

"Huna lazima, Mwalimu," alisema. "Hakuna anayekulazimisha. Unaweza kwenda ukafikiri."

"Nimefikiri miaka mingi," alijibu. "Toka nikiwa mdogo nauliza watu, mama yangu alikuwa nani. Hakuna aliyewahi kunijibu. Nilishazoea. Lakini hawa wawili wana wa kumuuliza, Sekela. Mimi nipo." Aliwavuta mabinti karibu, akasema nao kwa Kinyakyusa, chini chini, na Tuntufye akaanza kulia kwa kuwa aliona dada yake analia. Kisha akamshika Bupe kiganja. Bupe alikinyakua, akasimama amempa mgongo, halafu akarudi mwenyewe akashika cha mumewe kwa mikono miwili.

Mwalimu alifungua mdomo.

Walikaa benchi la mwisho, wote wanne. Sekela aliendelea na foleni kwa sababu watu walikuwa wakingoja, lakini kila baada ya jina alitupa jicho. Mwalimu alikuwa akimwuliza Ikupa maswali ya hesabu. Aliona vidole vyake vikichora pembetatu hewani. Akamwona Ikupa akikosea makusudi na baba akitabasamu. Akaandika jina la mtu mwingine, na mwingine.

Alipoinua macho tena, mkono wa mwalimu ulikuwa umesimama hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha ukashuka mapajani. Bupe alisema jina lake, lile la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitumia. Daktari Mwambije alikimbia kutoka upande wa pili wa ukumbi, mzee yule, akipindua viti, akapiga magoti, akaanza kukandamiza kifua. Alikandamiza hadi jasho lake likaloanisha shati la mwalimu. Hakuacha mpaka muuguzi alipomshika mabega.

*

Walimpasua siku hiyo hiyo kama sheria ilivyotaka. Daktari alitoka chumbani akiwa bado na glavu, akasimama mlangoni pa ofisi, akaitikia kwa kichwa mara moja: alama ilikuwepo. Sekela aliandika moja kwenye jina la mwalimu. Kisha akauliza habari za mabinti, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi. Funksheni ilikwenda kwa mama, ikapanda na sifuri. Ikaenda kwa baba, na safari hii baba alikuwepo na alikuwa na jibu.

ASIPEWE. ASIPEWE.

"Ningeacha sifuri," daktari alisema, "huenda wangekufa watatu pale kwenye benchi."

"Ningeweka moja, angekuwa yuko kwake anasahihisha madaftari."

"Ndiyo."

"Nimemuua, Daktari?"

Mzee alivua glavu, akazikunja, hakujua azitupe wapi. "Sijui," alisema. Neno hilo likakaa kati yao na hakuna aliyeliondoa. Baadaye akavuta kiti, akaketi, mara ya kwanza Sekela kumwona ameketi, akasema angeshika dirisha yeye ili Sekela aende msibani.

Msibani watu walikuwa wengi, karibu kila aliyewahi kufundishwa kuzidisha na kugawanya. Wengine walimpa Sekela mkono, wengine waliutazama wakaupita. Mzazi mmoja alisema kwa sauti, ili asikike, kwamba kompyuta zimeanza kuwaambia watu wajiue.  Sekela alikaa na wanawake, akamenya ndizi, na hakuna aliyemfukuza.

Bupe hakumsemesha siku zote za matanga. Baada ya hapo Sekela alisikia kwamba anauza ng'ombe na vitu vya ndani. Alikuwa na dada yake huko Kitulo, juu kabisa, kwenye baridi ambako mbu walikuwa bado hawajafika na huenda wasingefika mpaka mabinti wawe watu wazima. Ungekuwa mwisho wa shule nzuri kwa Ikupa, na wa nyumba ambayo mwalimu aliijenga kwa mikono yake. Majirani walimwambia asubiri kwanza, huenda homa isifike. Aliwaambia hawezi kusubiri kwa sababu yeye anajua.

Siku ya kuondoka Sekela alikwenda kusaidia kupakia. Hakualikwa. Alibeba magodoro na masufuria hadi kwenye gari, akampandisha Tuntufye juu ya mizigo. Ikupa alimwuliza kama ile nusu ingewahi kuwa kitu kingine.

"Kwako wewe hapana, mpaka mtu atafute kipimo cha walio hai."

"Kuna anayetafuta?"

"Nimewaandikia Makao Makuu. Nitaendelea kuandika."

Ikupa alifikiria, akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Bupe alifunga kamba ya mwisho mwenyewe, akaivuta mpaka ikalia. Ndipo alipomgeukia Sekela.

"Nasikia Makao Makuu wanataka uirudishe namba. Watu wamelalamika."

"Wanataka. Sijaamua."

"Mimi sijakusamehe," Bupe alisema. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa, na huenda nisikusamehe kabisa. Kila asubuhi naamka na hasira na wewe." Alifuta mikono yake kwenye kanga. "Lakini ile sijui yako usiibadilishe."

Akaingia mbele karibu na dereva, akafunga mlango.